Jina Lililopanda Ndege

Itetemia, Tabora
12 Septemba 2023

Shikamoo Babu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la Bibi, ambalo limeanza tena kumsumbua tangu alipopanda kichanjani kugeuza michembe ya viazi vitamu, akijua kabisa kwamba nimemkataza. Anasema mwaka huu imekauka vizuri, na kama watu wa posta wasingekuwa na tabia ya kufungua vifurushi angekutumia debe zima. Mjomba Mathias amehamia Isikizya, amepata kazi ya ulinzi kwenye ofisi za halmashauri. Sasa anavaa buti hata Jumapili.

Kwenye bahasha nimeandika "Kashindye" peke yake, kama unavyoagiza siku zote. Karani wa posta aliniuliza, "Huyu Kashindye wa Ujerumani hana jina la kwanza?" Nikamwambia wewe mwenyewe umetaka hivyo, na mtu wa posta wa huko anakujua.

Babu, nina ombi. Unajua kwamba tangu nimalize diploma ya utunzaji wa kumbukumbu sijapata ofisi ya kutunza kumbukumbu zake. Lakini sikai bure. Mwaka wa pili huu nafanya kazi za mtandaoni. Ni kazi ndogondogo: unaletewa picha ya barabara, unachora kisanduku kuzunguka kila baiskeli. Unaletewa sauti ya mtu, unaandika alichosema. Tuko kundi kwenye simu, kila mmoja na mahali pake: Koleta yuko Nzega, Twalibu yuko Ujiji, na wengine. Kutwa tunaulizana kazi gani imeingia, nani amekataliwa, na nani angekwenda nchi gani kama angepata viza.

Shida ni kwamba kazi nzuri hazifunguki kwa aliyejiandikisha akiwa Tanzania. Wenye ndugu ng'ambo wanajiandikisha kwa jina la ndugu, kisha wanafanya kazi wenyewe. Koleta anatumia jina la shemeji yake aliye Norwe. Naomba uniazime lako. Hutafanya lolote, ila mara mojamoja wenye mtandao watataka kuuona uso wako kwenye simu. Ni jina tu, Babu.

Sikukupigia kwa sababu Bibi hukaa kando yangu na hakuna neno linalompita. Nilipomgusia jambo hili aliinuka na goti lake hilohilo, akaenda kuwaangalia kuku ambao alikuwa ametoka kuwaangalia sasa hivi.

Mjukuu wako,
Minza

*

Magdeburg
16 Oktoba 2023

Mpendwa mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Barua yako imetumia siku ishirini na tisa njiani. Misafara ya zamani kutoka Tabora hadi pwani ilitumia miezi mitatu, kwa hiyo tusilalamike. Mimi ni mzima kwa kadiri ya miaka sabini. Mto wetu umepungua mpaka mawe yameonekana, na katika kile kishamba ninachokodi nje ya mji nimevuna maharage ya kutosha sufuria mbili. Nilijaribu tena karanga. Zilitoa majani mazuri, na chini hapakuwa na kitu. Mpe Bibi yako Suzana pole ya goti. Mwambie michembe nimeinusa kwenye karatasi yako, ingawa najua ni mawazo yangu tu.

Umeandika, "Ni jina tu, Babu." Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yote. Nimefanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha kuchapa nikisahihisha maandishi ya watu kabla hayajakwenda mashineni, halafu miaka ishirini na mitatu katika maktaba ya mtaa. Kote huko kosa lililotuponza zaidi lilikuwa la jina. Neno lililokosewa msomaji hulirekebisha mwenyewe kichwani. Jina lililokosewa halirekebishiki, kwa sababu msomaji hajui lililo sahihi.

Nisingependa kufanya unaloniomba. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekubali kwa furaha. Lakini wewe ni mjukuu wa marehemu kaka yangu Samweli, na mtu wa Samweli siwezi kumwambia hapana. Agnetha, binti wa jirani yangu wa ghorofa ya chini, amenisaidia kujaza yote yanayotakiwa. Nikageuza kichwa kushoto, nikageuza kulia, nikatazama juu kama mtu anayepimwa koo. Namba na neno la siri nimekuandikia kwenye karatasi ndogo humu ndani.

Nina masharti mawili. Simu itakuwa ya uso, na maneno yatakuwa ya barua, kwa maana kwenye simu husema kile ambacho anayenisikiliza anataka. La pili, kuhusu vitambulisho vyangu usiniulize. Vipo, na vinatosha.

Babu yako

*

Itetemia
27 Novemba 2023

Shikamoo Babu,

Mvua za kwanza zimenyesha na kila mtu yuko shambani. Bibi amepanda mahindi kwa mkono mmoja, mwingine ameshikilia fimbo, na hataki msaada. Mathias alikuja kusaidia siku mbili, akakaa kivulini kutoa amri. Bibi akamwambia, "We mlinzi, hapa hakuna lango. Shika jembe au rudi Isikizya." Akashika jembe.

Babu, asante sana. Kazi zimefunguka kana kwamba mtu ameondoa kizibo. Na nilipoingia mara ya kwanza, maandishi makubwa yalitokea: KARIBU, SAMWELI. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Kumbe umeweka jina la marehemu babu kwa kumkumbuka. Mimi namkumbuka zaidi kwa uzito wake wa masikio. Ukimwita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu ndipo anageuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa makosa. Nilimwonyesha Bibi yale maandishi. Akayaangalia kitambo, kisha akauliza kama mashine hiyo haina pa kuizimia.

Sasa nina maswali, kwa kuwa picha nyingi ni za miji ya huko. La kwanza, kuna sanduku la manjano limesimama kando ya njia, lina mdomo. Mimi niliandika ni la zimamoto. La pili, kuna kitu cha mviringo, kinene, kirefu kuliko mtu, kimebandikwa karatasi pande zote. Nilikiita tangi la maji, wakanikata alama. La tatu, kwa nini watu wanasimama barabarani wakati hakuna gari hata moja linalopita?

Swali la tatu halimo kwenye kazi. Nataka tu kujua.

Minza

*

Magdeburg
8 Januari 2024

Mpendwa Minza,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya kwa nyumba yote. Hapa mto ambao nilikuambia umepungua sasa umefurika mpaka kwenye viti vya bustani. Nilikwenda kuutazama pamoja na wazee wengine. Tulisimama pale nusu saa bila kusemezana, kila mmoja akidhani mwenzake anaelewa.

Sanduku la manjano ni la barua. Ndimo ninamotumbukiza hizi ninazokuandikia, na hilo la mtaani kwangu limepinda mguu. Kile kinene ni nguzo ya matangazo: maonyesho ya muziki, tamthilia, mbwa waliopotea. Kuhusu watu wanaosimama pasipo gari, wanasubiri taa iwe ya kijani. Mwaka wangu wa kwanza nilivuka, na mama mmoja mwenye mtoto akanikaripia kwa kumfundisha mwanawe vibaya. Sijavuka tena mpaka leo, hata alfajiri.

Uso wangu umetakiwa mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa kwenye foleni ya mkate, simu ikatetemeka, nikatoka kidogo kwenye mstari nikaanza kugeuza kichwa kushoto na kulia. Muuza mkate akadhani nakataa kila anachonionyesha. Akaniuliza, "Kwa hiyo mzee leo hutaki chochote?"

Niambie jambo moja. Bibi yako bado analo lile sanduku la bati la Samweli, la kijani, lenye kufuli la shaba? Na alipofariki, mlipolifungua, mlikuta nini?

Babu yako

*

Itetemia
19 Februari 2024

Shikamoo Babu,

Bibi anaendelea vizuri, na mahindi yamefika kifuani. Sanduku la bati lipo chini ya kitanda chake. Anasema ndani kuna koti la harusi na hakuna kingine. Nilipomuuliza kwa nini basi analifunga kwa kufuli, alinijibu kwa Kinyamwezi maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya heshima.

Na hujajibu kuhusu jina la babu uliloliweka kwenye akaunti. Lakini leo siyo habari ya kulaumiana.

Babu, tumeshinda! Barua imekuja kwenye akaunti yetu. "Mpendwa Samweli, kazi yako ya kusikiliza Kiswahili cha bara imekuwa bora kuliko ya wote." Wanasema hakuna mwingine aliyetambua pale ambapo msemaji amechanganya Kinyamwezi katikati ya sentensi. Bila shaka, hata mimi nachanganya! Wanawaalika wafanyakazi kumi na wawili Praha, mwezi wa sita, siku tatu, nauli juu yao. Watatu kati yao watachaguliwa kuwa wasimamizi, kwa mkataba wa kudumu. Babu, mkataba wa kudumu! Nina miaka ishirini na minne na sijawahi kuona jina langu kwenye karatasi ya mkataba, hata wa chumba.

Niliwaambia wenzangu kwenye kundi. Twalibu akaandika, "Nyie Wanyamwezi kubeba mizigo ya wenyewe kumo kwenye damu. Zamani pembe, leo picha. Haya, mmefika na Ulaya."

Nikamjibu, "Na nyie wa Ujiji mlikuwa na kazi gani, kama si kukaa mwisho wa njia mkingoja tuwaletee vitambaa mvae?"

"Tulikuwa tunawapa maji, maana mlifika mnanuka."

Koleta akaingilia, "Jamani, mimi niende Norwe nikamwone huyo shemeji. Kwenye akaunti ana Kiswahili kitamu, na Nzega hajawahi hata kupita kwa basi!"

Tulicheka, lakini baadaye Koleta aliniandikia pembeni: "Minza, atakayepanda ndege ni nani?"

Nimelifikiria. Utakayepanda ni wewe. Praha siyo mbali na kwako, nimeangalia ramani, ni treni tu. Nitakuandikia kila swali wanaloweza kuuliza na jibu lake. Utakaa, utatabasamu, utasema kidogo kama mzee mwenye hekima. Wakikupa mkataba, kazi nitaifanya mimi hapa, na nitaifanya vizuri kuliko wote kumi na wawili.

Kuna tatizo moja dogo. Wanataka nakala ya pasipoti, na jina lilingane na la kwenye akaunti. Kwa hiyo waandikie mapema ubadilishe, uweke jina lako, Elieza. Sema ulikosea kujaza. Mwisho ni tarehe thelathini Aprili.

Tafadhali, Babu. Nikikaa tena mwaka mzima nachorea baiskeli visanduku nitaanza kuziota.

Minza

*

Itetemia
2 Aprili 2024

Shikamoo Babu,

Natumaini u mzima. Sijapata barua yako.

Jana walitaka uso, ukautoa. Niliona umepita. Nikakupigia papo hapo, ukasema "Nimekuona, mama, nimekuona," na simu ikakatika. Kama unaumwa niambie. Kama umekasirika pia niambie, lakini uandike.

Bibi anauliza kila jioni kama barua imekuja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilipomweleza habari ya Praha na pasipoti, alisema, "Mwache aandike mwenyewe." Nikamuuliza aandike nini. Akasema goti linamuuma.

Kuna siri gani kati yenu ninyi wazee wawili? Mimi ndiye ninayeshindia kompyuta hii. Siku ishirini na nane zimebaki.

Minza

*

Magdeburg
21 Aprili 2024

Mpendwa Minza,

Marahaba. Siumwi. Maharage nimeyapanda na mto umerudi mahali pake. Barua hii nimeianza mara saba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sitaisahihisha.

Siwezi kubadilisha jina liwe Elieza, kwa sababu hakuna karatasi hata moja katika nchi hii yenye jina Elieza. Pasipoti yangu inasema Samweli Kashindye. Kadi ya bima inasema hivyo, na mlango wangu, na kadi niliyopewa maktaba siku ya kustaafu. Sikuliweka kwenye akaunti kwa kumkumbuka ndugu yangu. Ndilo nililo nalo.

Mwaka 1974 kaka yangu Samweli, babu yako, alipata nafasi ya kuja kusomea uchapaji. Alikuwa na cheti kizuri. Mimi sikuwa na cheti. Nilikuwa na kazi ya kuchukua barua katika sanduku la usharika na kuzipeleka majumbani. Barua ya nafasi ilifika Samweli akiwa Choma, kwenye mazishi ya shangazi yetu, na mvua ilikuwa imekata njia. Ilimtaka awe Dar es Salaam ndani ya siku sita. Baba alinikabidhi cheti cha Samweli na nauli ya treni, akaniambia, "Nenda ukamshikie nafasi mpaka afike."

Zingatia neno hilo. Nilitumwa kushika nafasi. Pale ofisini karani aliita "Samweli Kashindye". Pakawa kimya. Akaita tena, akiwa ameinua kalamu tayari kukata. Nikasema, "Nipo."

Mpaka hapo ningeweza kusamehewa. Lakini kutoka siku hiyo hadi siku ya ndege zilipita siku kumi na moja. Walinipiga picha, wakanipa pasipoti, wakanipima meno. Ofisi ya kupeleka simu za maandishi ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka nilipolala. Kila asubuhi niliitazama, na sikuingia hata mara moja kumpa Samweli habari. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimeonjeshwa jambo ambalo sikujua kama nilikuwa na njaa nalo. Samweli alifika Dar es Salaam siku tatu baada ya mimi kuondoka. Hakuweza kulalamika, maana angemwambia karani kwamba yeye ni nani? Jina lake lilikuwa limeshapanda ndege. Cheti chake pia nilikuwa nacho, na bila cheti hakuna aliyempa kazi ya kalamu. Wewe unajua alifanya kazi gani. Alipakia marobota ya tumbaku kwenye mabehewa mpaka mgongo ukakataa.

Aliniandikia mara moja tu. Barua ninayo. Inasema: "Mdogo wangu, nilifika nikakuta nimeshaondoka. Soma kwa bidii." Mimi nilimjibu kwa kurasa tisa. Nilikuuliza juu ya sanduku la bati kwa sababu nilitaka kujua kama kurasa hizo alizitunza.

Baba alikuwa akitusimulia habari za Mahona, babu wa babu yetu, aliyebeba mzigo kutoka Unyanyembe hadi pwani. Njiani ndugu mmoja akafa, na Mahona akawa anaitikia majina mawili kila jioni msafara ulipohesabiwa, ili ujira wa marehemu usipotee. Utotoni nilidhani hiyo ni hadithi ya ujanja. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipokumbuka mwisho wake: Mahona alirudi. Vitambaa alivyolipwa kwa ajili ya marehemu alivipeleka kwa mama wa huyo marehemu, doti kwa doti. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na mimi, na ndiyo sababu sijakanyaga Tabora miaka hamsini. Nyumba moja isingeweza kuwa na watu wawili wa jina moja, mmoja wao akiwa na viatu vya ngozi.

Sasa wewe unaniambia nipande treni kwenda Praha, niketi, nitabasamu, nisifiwe kwa masikio yako. Ningekuwa nimesafiri mara mbili katika nafasi ya mtu wa nyumba ileile. Sitakwenda.

Na zaidi ya hapo. Jana, kwa msaada wa Agnetha, niliwaandikia wale watu. Nimewaambia kazi yote ni ya Minza, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, wa Itetemia, Tabora, na kwamba wamwalike yeye. Najua wanaweza kufunga akaunti. Nimeona bora wajue uliko.

Babu yako

*

Itetemia
30 Mei 2024

Babu,

Shikamoo.

Akaunti ilifungwa siku mbili baada ya wewe kuwaandikia. Barua yako ilinifikia wiki nne baadaye. Kwa hiyo kwa wiki nne sikujua kosa langu. Niliingia nikakuta mstari mmoja: mwenye akaunti amevunja masharti. Niliwaandikia mara sita. Walinijibu mara moja, kwamba wanazungumza na Samweli Kashindye tu. Praha watakwenda kumi na mmoja.

Hukuniuliza. Hili ndilo linaloniuma, kuliko hata Praha. Uliamua peke yako, na sisi wa huku tukapata habari baada ya jambo kwisha, kama mwaka 1974. Ungeniandikia kwanza. Ungeniambia "Minza, nina aibu, nataka kusema kweli." Pengine ningekukatalia. Pengine ningekubali. Lakini ningekuwa nimeulizwa.

Nimejiandikisha upya kwa jina langu. Nimerudi kwenye baiskeli. Twalibu aliandika kwenye kundi, "Karibu tena chini, mpagazi," halafu akanipigia na kuniambia kwa upole kwamba Ujiji wanaanzisha kazi ya kunukuu mazungumzo ya wazee, malipo kidogo, lakini kila karatasi inabeba jina la aliyeinukuu. Nitakwenda Kigoma na treni ya wiki ijayo. Siyo Praha. Ila ni safari, na nimeichoka hii meza.

Barua yako nilimsomea Bibi yote. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika pale "nilifika nikakuta nimeshaondoka", alisema, "Mimi ndiye niliyemsindikiza babu yako stesheni." Alijua siku zote, Babu. Kisha akasema jambo ambalo nimeshindwa kulisahau: "Masikio ya mume wangu yalikuwa mazima. Akiitwa, alikuwa anasubiri kwanza aone kama anaitwa yeye."

Akanituma chini ya kitanda. Chini ya koti la harusi zipo kurasa zako tisa. Zimekunjwa na kufunguliwa mpaka mikunjo imetoboka.

Ameniagiza nikuandikie haya kama alivyoyasema, nisipunguze neno: "Shemeji Elieza. Mume wangu ana kaburi, liko hapa Itetemia, na Mathias aliandika jina lake kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Ukifia huko wataandika jina hilohilo juu yako. Simtaki mume wangu na kaburi la pili. Njoo ufe na jina lako. Na usije na zawadi. Njoo na cheti."

Nimemaliza.

Minza

*

Magdeburg
1 Julai 2024

Mpendwa Minza,

Marahaba. Natumaini umerudi salama kutoka Kigoma, au hujarudi na umepata sababu ya kubaki.

Ulisema kweli. Nilipaswa kukuuliza. Nimezoea kutubu kama nilivyokosa, peke yangu na kwa haraka. Naomba radhi. Maneno haya Samweli hakuyapata kutoka kwangu, hata katika zile kurasa tisa. Nilimweleza habari za mashine.

Kishamba nimempa Agnetha. Maharage atayavuna yeye. Vitabu vimekwenda maktaba, isipokuwa vitatu ninavyokuletea wewe. Cheti nimekitia kati ya mbao mbili nyembamba nikakifunga kwa uzi, na sitakiweka kwenye begi la chini. Nitafika Dar es Salaam tarehe kumi na tisa Agosti, na nitapanda treni, kwa sababu ndivyo nilivyotoka.

Uwanjani afisa atasoma jina la babu yako kwa sauti. Nitaitikia, kwa kuwa sina jingine la kumwonyesha. Iwe mara ya mwisho mtu kuniita hivyo.

Nina ombi moja, na safari hii nauliza, unaweza kukataa. Watu wa umri wangu waliolijua jina langu wamekufa, na Bibi yako goti halimfikishi stesheni. Wewe ni mjukuu, na kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu na kumwita kwa jina bila mtu kushangaa. Treni ikisimama Tabora, usinipungie mkono. Simama mbali kidogo, uniite, kwa nguvu, wenye mizigo wasikie.

Nikichelewa kugeuka usidhani sisikii. Ita tena.

Elieza Kashindye